Washa

Giaboksi ya Bukuru ilifia kona ya tatu, kupanda Kalinzi,
nyuma madumu mawili ya mawese na mama mwenye kuku.
Alisikia kwanza kama mtu anatafuna mifupa chini ya tangi,
kisha gia ya pili ikakataa, ya tatu ikakataa,
injini ikanguruma palepale kama mtu anayegombana na ukuta.
Mama akashuka na kuku wake. Nauli hakulipa.

Siku kumi na moja tu tangu tuifunge.
Nasema tuifunge,
lakini mimi nilikuwa muosha vyuma,
kijana wa spana kwa fundi Ruhuza pale Gungu,
petroli ikinichubua vidole ndani ya karai la kufulia.

Akairudisha kwa Fuso la ndizi.
Akaishusha mbele ya banda, hakusalimia.
"Fundi, gia zangu."
Ruhuza akajifuta mikono kwa kitambaa cheusi kuliko mikono.
"Gia ulizileta mwenyewe. Nilikwambia, chukua orijino."
"Orijino ni hesabu ya siku ishirini!
Mwenye chombo nimpelekee nini, masikio yangu?"

Tukaenda Mwanga, kwa Mwavita muuza spea,
wao mbele wakibishana,
mimi nyuma na beseni la vyuma kichwani,
oili ikinidondokea shingoni.

Mwavita akavaa miwani. Akaligeuza jino lililomeguka
kama anayekagua dagaa wa jana.
"Boksi lilikuwa na muhuri. Nimeuza kumi kama hizi,
hakuna aliyerudi. Tatizo ni mpangaji."
"Hiki si chuma," akasema Ruhuza, "ni udongo umepakwa nikeli.
Ukiking'ata kinameguka."
Na kweli, mbele za watu, akaking'ata.
Hakikumeguka.
Mtaa ukacheka; muuza vocha akazima redio asikie vizuri.

Kila mmoja alikuwa na ushahidi, na ushahidi ulikuwa uleule:
jino moja, dogo kuliko punje ya mahindi,
likapita kiganja hadi kiganja
mpaka likapata joto la watu wote.

Mwenyekiti wa kijiwe akaikata hasara mafungu matatu:
duka litoe gia nyingine, fundi atoe mikono,
Bukuru atoe oili, na siku zake nne zilizolala zihesabike kuwa zimelala.
Wakapeana mikono
kama wanaoepua sufuria bila kitambaa.

Mimi hakuna aliyeniuliza.

Mfukoni nilikuwa na washa.
Moja, nyembamba kama ganda la kitunguu.
Niliiokota chini ya karai jioni ile ya kwanza,
giaboksi imeshafungwa, oili imeshamiminwa,
Bukuru ameshalipa na kupiga honi ya kwaheri.
Nikajiambia, ni ya pikipiki nyingine.
Banda lina washa nyingi.
Washa: neno la kuamsha injini,
na neno la upupu pia.
Siku kumi na moja niliilalia, ikanifundisha maana ya pili.

Sijui mpaka leo kama ndiyo iliyoua.
Gia ile ilikuwa mbovu, niliona palipokatika:
kijivu, chengachenga, kama chumvi ya Uvinza iliyolowa.
Labda hata na washa yake ingekufa,
kona ya nne badala ya tatu.
Labda ingefika, na mama angelipa.

Tulipoifunga mara ya pili niliiweka katikati ya nyingine,
nimeipaka oili ing'ae kama wenzake.
Ruhuza akapanga, akahesabu, akasimama.
"Hii ilikuwa wapi?"
"Kwenye karai."
Akanitazama kwa muda wa kutosha kuchemsha chai.
Kisha akaitia mahali pake, akakaza nati.

Bukuru akaja, akakanyaga: moja, mbili, tatu, nne.
Laini.
"Mnaona?" akasema. "Si niliuziwa feki?"

Ruhuza alikuwa ameinama, anapekua boksi la vifaa,
akitafuta spana namba kumi na mbili
iliyokuwa mkononi mwake.